Abiria wa Monbetsu

Mwanamume mrefu mwenye koti la sufu la kijivu na skafu nyekundu alichomoka kwenye mlango wa forodha wa uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, akiburuta sanduku lenye gurudumu bovu. Umati wa asubuhi ulimpiga vikumbo kushoto na kulia, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, akiitazama kama mtu anayesubiri daktari afungue kinywa.

Kozue Hatanaka aliinua kibao chake juu ya vichwa vya watu. ORIKASA, MONBETSU.

"Bwana Orikasa?"

"Ndiye mimi."

"Unaweza kukimbia?"

"Na sanduku hili?"

"Sanduku nipe mimi. Wewe lete miguu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kozue kwa miaka tisa: kuwakimbiza abiria waliotua wakiwa wamechelewa na wana ndege nyingine ya kuwahi. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mwembamba, nywele amezifunga kisogoni bila unywele mmoja kutoroka, sare ya buluu iliyopigwa pasi ikasimama. Viatu vyake havikuwa na kisigino. Wasichana wa kaunta walivicheka viatu hivyo, naye aliwaacha wacheke.

Ndege ya Seattle ilikuwa imechelewa dakika arobaini. Ndege ya Monbetsu, mji mdogo wa kaskazini ambako bahari huganda, ilikuwa moja tu kwa siku. Iliondoka saa tano kasoro kumi, na abiria alitakiwa awe amepita ukaguzi dakika ishirini kabla, yaani saa nne na nusu. Si saa nne na nusu na ushee. Saa nne na nusu.

"Nani alikukatia tiketi iliyobana namna hii?" Kozue aliuliza wakiteremka ngazi mbio kulifuata basi la kwenda jengo la pili, la ndege za ndani.

"Mimi mwenyewe."

"Basi jilaumu kimoyomoyo, okoa pumzi."

Mwanamume akacheka, na kucheka kukamfanya akohoe, kukohoa kukamfanya asimame. Kozue alimsukuma mgongoni kama anayesukuma kabati. Walifika kwenye ukaguzi saa nne na dakika ishirini na saba. Kozue akainama, kumtakia safari njema kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha kazi.

"Jina lako nimelisoma hapo kifuani," alisema mwanamume, akihema. "Namba ya simu sijaiona."

"Hatutoi."

"Basi nitatoa mimi." Akaandika namba nyuma ya karatasi ya mzigo, akamwekea juu ya kibao, akapita.

Karatasi ile ilikaa siku nne mfukoni mwa sare. Siku ya tano, wakati wa mapumziko, akiwa kwenye ngazi za nyuma na tonge lake la wali na samaki, Kozue akapiga.

"Nilidhani umenitupa," ilisema sauti kutoka Seattle.

"Nilikuwa kazini."

"Siku nne mfululizo?"

"Mie ni mchapakazi."

Ndivyo ilivyoanza. Shunpei Orikasa alikuwa mzaliwa wa Monbetsu. Alinunua kome wa bahari ya kwao na kuwauza kwa mikahawa ya Seattle. Baba yake alikwisha fariki, mama alibaki huko peke yake na moyo mgonjwa. Alimwita Kozue "mkimbiaji wangu". Kozue alimwita "mzigo wangu mzito". Simu zao zilikuwa za mchana kwa Kozue na za jioni kwa Shunpei, na kila moja iliisha kwa ugomvi wa nani akate kwanza.

Katika miezi minane iliyofuata Shunpei alikuja mara tatu, na kila mara alilala siku moja Kamata, karibu na uwanja, kabla ya kuendelea kaskazini. Walikula tambi za moto chini ya reli, mabega yakigusana kwa sababu kijiduka kilikuwa cha watu sita. Kozue alivaa gauni lake la kijani na kufungua nywele. Shunpei alizitazama nywele zile mpaka supu ikapoa.

"Nije nikuchukue kazini?" aliuliza siku moja.

"Usithubutu."

"Unanionea aibu?"

"Kazini ni kazini, nyumbani ni nyumbani. Huko hawajui kama nina mtu. Na hawatajua."

Alisema hivyo kwa fahari. Hata mama yake mzazi, aliyekuwa karani wa posta, hakuwahi kupiga simu nyumbani kwa simu ya ofisi. Walimu wa mafunzo walilisisitiza jambo hilo kabla hawajamfundisha hata namna ya kuinama.

Mwezi wa Novemba mama yake Shunpei alianguka jikoni.

"Daktari anasema nije," alisema Shunpei kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imepauka.

"Panda ndege ya leo. Ulale Kamata, asubuhi upande ya Monbetsu umetulia."

"Leo napakia shehena ya mikahawa, Kozue. Nikiiacha inaoza. Napanda kesho, naunganisha moja kwa moja. Nafika Monbetsu siku ileile nitakayotua."

"Kwenye kuunganisha utakuwa na saa moja na robo tu. Kuna uhamiaji, kuna mizigo, kuna forodha, kuna basi. Haitoshi!"

"Wewe upo," alisema Shunpei.

Neno lile lilimpendeza. Hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi baadaye: kwamba lilimpendeza, akanyamaza.

Asubuhi aliyotua, kulikuwa na upepo wa mbele baharini, na ndege ilichelewa nusu saa. Kozue hakupangwa kukimbia siku hiyo. Alipangwa mlango wa ukaguzi, na mwenzake ndiye aliyempokea Shunpei. Kozue alisimama pale akitazama saa. Saa nne na dakika ishirini na tano. Ishirini na nane. Thelathini. Kisha akamwona akitokea kwenye kona, skafu nyekundu ikimpepea begani, koti wazi, uso umelowa.

Shunpei alibandika tiketi kwenye mashine. Taa nyekundu ikawaka. Saa nne na dakika thelathini na moja.

"Kozue," alisema. "Nifungulie."

Hatua tatu nyuma alisimama Bi Tsurumi, mkuu wa zamu. Redio ya mkononi ilining'inia kiunoni mwa Kozue. Kama angekuwa abiria mwingine yeyote, Kozue angeichukua redio ile na kuwaomba watu wa lango: mama yake anakufa, nipeni dakika mbili. Alikwisha kufanya hivyo mwezi wa Agosti kwa mzee mmoja aliyekuwa akienda Akita, na walimpa. Lakini huyu alikuwa wake. Kumwombea mtu wako, kwa redio ya kampuni, mbele ya mkubwa wako! Mkono wake uligusa redio ukarudi.

Akainama mpaka akaona viatu vyake.

"Samahani sana, mheshimiwa abiria. Muda umekwisha."

"Mheshimiwa nani? Kozue, ni mama!"

"Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Niangalie basi!"

Hakumwangalia. Machozi yalidondoka moja kwa moja kwenye ngozi nyeusi ya viatu, maana akiwa ameinama hayakuwa na shavu la kupitia. Nje ya kioo ndege ya Monbetsu ilikuwa bado imesimama. Ilisimama pale dakika kumi na tisa nzima, na Shunpei alisimama akiitazama zote.

Alipata ndege ya mchana ya kwenda uwanja mwingine wa kaskazini, kisha teksi ya saa mbili kwenye theluji. Mama yake alifariki saa tisa. Yeye aliingia wodini saa kumi na moja.

Alimpigia Kozue jioni hiyo.

"Wauguzi wanasema kila mlango ulipofunguka aliuliza kama ni mimi."

"Shunpei..."

"Ningefika saa saba. Angenishika mkono. Dakika moja, Kozue. Dakika moja!"

"Samahani."

"Usiniombe radhi kama kaunta!"

Simu ikakatika. Kozue alituma ujumbe, Shunpei hakuusoma. Akatuma barua, hazikujibiwa. Alikwenda kazini, akakimbia, akainama, akarudi kwenye chumba chake na kula akiwa amesimama kwenye sinki. Sketi ya sare ilianza kumzunguka kiunoni, akaibana kwa pini. Hivyo zikapita siku arobaini na tisa za matanga, kama ilivyo desturi ya kwao.

Siku ya hamsini na mbili alichukua orodha ya abiria wake. ORIKASA. Kutoka Monbetsu, kwenda Seattle. Tiketi ya kwenda tu.

"Huyo nimekupa wewe," alisema Bi Tsurumi bila kuinua macho. "Dhoruba imeichelewesha ndege ya Monbetsu. Ana dakika hamsini na tano. Akikosa, hakuna kiti mpaka Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi. Kozue alikokotoa haraka kuliko alivyotaka. Siku nne. Angefunga kamba ya kiatu tu. Angekosea ngazi mara moja. Nani angejua? Shunpei angekwama Tokyo siku nne, na katika siku nne mtu anaweza kusamehe.

Alimpokea mlangoni mwa ndege. Shunpei alikuwa amekonda, amevaa suti nyeusi. Alipomwona, alisita.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna. Unaweza kukimbia?"

Hakujibu, lakini alikimbia. Kozue alitangulia, na hakufunga kamba ya kiatu. Alikimbia kama hajawahi kukimbia kwa ajili ya mtu, akipasua misafara ya watalii, akipaza sauti "Njia! Tunaomba njia!", huku kila hatua ikimpeleka mtu wake mbali zaidi. Pini ya sketi ilimchoma ubavuni.

Kwenye basi la kuelekea jengo la tatu, la ndege za kimataifa, walilazimika kusimama tuli. Dakika saba, bega kwa bega, wameshika kamba ileile ya dari.

"Nyumba nimeiuza," alisema Shunpei akitazama dirishani. "Sina cha kurudia huku."

"Nina neno moja. Ukishalisikia uende."

"Sema."

"Siku ile ningeweza kuomba. Ningeomba kwa mtu yeyote mwingine. Kwako sikuomba kwa sababu wewe ni wangu, na mkubwa wangu alikuwa ananitazama. Si sheria iliyokunyima, ni mimi. Nilikuonea haya, mama yako akafa."

Basi likapinda kona.

"Ulinambia nipande siku moja kabla," alisema Shunpei. "Mimi nikapakia kome."

"Shunpei."

"Kome, Kozue! Mama anakata roho, mimi nahesabu makreti. Nikatafuta wa kumtwika. Ulikuwa umeinama pale, mgongo uko wazi, nikakutwika wewe. Barua zako ninazo. Sikuzifungua kwa hofu kwamba umenisamehe."

Mlango wa basi ukafunguka. Wakakimbia.

Kwenye ukaguzi foleni ilikuwa ya kundi la wanafunzi. Kwenye pasipoti mashine moja iligoma. Walipotokea upande wa pili, ilikuwa imebaki dakika mbili lango lifungwe, na lango lilikuwa la mwisho kabisa, mwendo wa dakika tano kwa anayekimbia.

"Basi," alisema Shunpei, mikono magotini. "Imetosha. Nimekosa."

Kozue alimtazama. Huyu hapa, amekosa ndege, na yeye hakufanya hila yoyote. Angenyamaza tu angempata mpaka Jumatatu. Akaona tena ndege ya Novemba ikiwa imesimama nyuma ya kioo.

Akashika redio.

"Lango la mwisho, hapa Hatanaka. Naomba dakika tatu kwa abiria Orikasa."

"Sababu?" ilikwaruza sauti.

"Ni mtu wangu."

Redio ile ilisikika kwa wahudumu wote wa zamu, zaidi ya arobaini.

"Rudia, Hatanaka."

"Abiria ni mchumba wangu. Nilipaswa kuomba Novemba, sikuomba. Naomba sasa."

Sauti ikabadilika, ikawa ya Bi Tsurumi.

"Novemba? Yule wa skafu nyekundu?"

"Ndiye."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ni wangu."

"Ningekupa," alisema Bi Tsurumi, na pumzi yake ilisikika nzito. "Nilikuwa hatua tatu nyuma yako, binti. Ningekupa." Kisha, kwa ukali wake wa kila siku: "Dakika tatu. Mbona bado mmesimama?"

Walikimbia wameshikana mikono, jambo ambalo kitabu cha kazi hakikulitaja popote. Kozue alilia wazi, mdomo wazi, mbele za watu. Langoni wahudumu wawili walisimama wakijitahidi kutokodoa macho.

"Mchumba," alisema Shunpei akihema. "Mbona sikumbuki kukuposa?"

"Nilihitaji sababu ya kuombea."

"Kwa hiyo ulidanganya kwenye redio."

"Mara ya kwanza kwa miaka tisa."

"Hatuwezi kukuacha na uongo kwenye kazi yako." Alimfuta shavu kwa kiganja. "Sitakuwa na nyumba huku, Kozue. Sina mama wa kukupeleka ukamsalimie. Ndiye ungemwona kwanza, na hilo halitatoka kati yetu, tusidanganyane. Unanitaka hivyo hivyo?"

"Bwana Orikasa," mhudumu alinong'ona, "tafadhali..."

"Nakutaka hivyo hivyo. Ingia!"

"Hujasema ndiyo."

"Ndiyo! Ndiyo, mzigo wangu, ingia ndani!"

Akaingia. Mlango ukafungwa. Kozue alibaki kwenye kioo mpaka ndege ilipogeuka na kuondoka, akiwa ameshika ubavu wake uliochomwa na pini, asijue kama anacheka au bado analia.

Ndege iliondoka ikiwa imechelewa dakika nne, na ndege ikichelewa lazima mtu aandike kwa nini. Bi Tsurumi alimsukumia fomu juu ya meza, akageukia dirishani kumpa nafasi. Kozue aliandika tarehe, namba ya ndege, namba ya lango. Alipofika penye sababu, kalamu ilisita kidogo. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka: *Kwa ombi la mhudumu. Abiria ni mchumba wake.*

Akapiga saini jina lake lote, akamkabidhi mkubwa wake kwa mikono miwili.