Vipimo vya Mteja wa Mbali

Walikutana kwenye foleni ya benki, saa sita mchana, watu wamebanana na feni imegoma. Yeye fundi kompyuta, shati jeupe limepigwa pasi kweli kweli. Nyuma yake dada wa gauni la bluu, futi ya kupimia shingoni.

"Samahani kaka," dada akanong'ona. "Aliyekushonea hilo shati alikupima mkono mmoja tu. Wa kushoto umezidi inchi nzima."

Kaka akacheka, akaomba namba. Miezi minane hawakuachana.

Kisha siku moja wenzake wa ofisini wakawakuta mgahawani. "Nani huyu?" mhasibu akauliza, akiitazama ile futi. Fundi kompyuta akaona haya, mjinga yule.

"Aa, huyu? Fundi wangu tu wa nguo."

Mshonaji akaweka kijiko chini, akaondoka. Jioni simu za fundi kompyuta hazikupita tena, na ukurasa wa oda wa mshonaji mtandaoni ukakataa kumfungukia, nyumbani na ofisini. Aliyemfundisha mshonaji kuzuia anwani za mtandao ni yeye mwenyewe.

Kwenda dukani kwake hakuwa na uso. Akapitia proksi, mashine ya kukodi iliyoko nchi nyingine, ili ukurasa uone anwani ya mashine hiyo na yake isionekane. Akajiita Mteja wa Mbali, akaagiza shati, akatuma vipimo. Moyo haukutulia, akaandika: "Fundi hodari hivi, mwenyewe yupo?"

Jibu lilichelewa. "Alikuwepo. Akanikana mbele za watu."

Masikio yalimwaka moto. Alikuwa peke yake chumbani, lakini aibu ilimfanya ajifunike uso. Hata kumwomba radhi alikuwa anajificha!

Alhamisi simu ikalia. Ni yeye!

"Shati tayari, Mteja wa Mbali. Njoo ulichukue."

"Shati gani tena, mpenzi?"

"Usinichoshe. Kulia inchi ishirini na nne, kushoto ishirini na tano. Umeficha anwani, mkono umeusahau. Nimekupima mara ngapi mimi?"

Alifika dukani macho chini. Shati la bluu lilining'inia, zuri ajabu, lina mkono wa kulia tu.

"Wa kushoto?"

"Utaupata siku utakayosema mimi ni nani, mbele ya wale wale."

"Nisamehe. Sikukuonea haya wewe, niliogopa watu watasemaje."

"Ndiyo hayo hayo."

Akavua lake, akavaa lile, mkono wa kushoto wazi mpaka begani. "Chukua mkoba, ufunge duka."

"Hivyo hivyo? Watakucheka!"

"Wacheke."

Wakavuka barabara wameshikana mikono, wakapanda ngazi za ofisini kwake, watu wakigeuka. Mhasibu akainua kichwa. "Bwana, umevaa nini hicho?"

Fundi kompyuta akamgeukia. "Siku ile nilikudanganya. Huyu ni mchumba wangu. Kama bado ananitaka."

Mshonaji akafungua mkoba, akatoa mkono wa shati wa bluu, umekwisha kukatwa na kupindwa, inchi ishirini na tano kamili.

"Simama wima," akasema, pini mdomoni. "Usitikisike."