Tiara Nyeusi ya Mtaa wa Lakhia

Asubuhi ya Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara, chumba cha nyuma cha mfua shaba.

"Leo Ahmedabad nzima iko juu ya mapaa," alisema Vajubhai. "Macho yote angani. Nani ataangalia ukuta wa sonara?"

Duka la sonara huyo, sokoni Manek Chowk, lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Nyuma yake palikuwa na nyumba tupu ya mtaa wa Lakhia. Vajubhai na Hasmukh, fundi wa kasiki, wangetoboa ukuta. Dhiru angekaa paa la jirani, akirusha tiara nyeusi. Tiara ikiwa juu, kazi iendelee. Ikianguka, polisi wameingia: wakimbilie kichochoro cha siri cha mababu kilichomo ndani ya nyumba ile, kinachotokea mtaa wa pili. Mlango wa kutokea una komeo la nje. Dhiru angevuka mapaa akalifungue.

"Mkiniacha je, shemeji?" aliuliza Dhiru.

"Nikuache dada yako anitoe roho?"

Wakacheka. Vajubhai alicheka kidogo tu. Alikuwa ametoka jela ya Sabarmati juzijuzi. Akirudi safari hii, angezeekea huko.

Mchana.

Kasiki lilifunguka. Nje makelele na tarumbeta. Hasmukh alikuwa dirishani, shingo imekakamaa.

"Bosi! Tiara imeanguka!"

Wakabeba mikufu, wakajitosa kichochoroni, wakafunga mlango wake kwa pingo kwa ndani. Giza totoro. Mabega yaligusa kuta pande zote mbili.

Kumbe hapakuwa na polisi hata mmoja. Kijana wa paa la pili alikuwa amekata uzi wa Dhiru kwa uzi wake uliopakwa unga wa vioo, kama watu wanavyokatana mchana kutwa siku hiyo. Majambazi wazima wanaweka roho zao kwenye tiara siku ya Uttarayan! Dhiru alishuka ngazi mbio kuwaambia wasiogope. Akagonga mlango mnene wa kuingilia kichochoroni.

"Shemeji! Nimekatwa! Fungueni!"

"Umesikia?" Vajubhai alinong'ona. "Amekamatwa."

"Amesema amekatwa, bosi."

"Amekamatwa! Wanamtumia tufungue. Nilijua tu, yule nyoka. Ningemmaliza zamani, ila nilimwonea haya dada yake."

Alidhani ananong'ona. Kichochoro kile chembamba kilivumisha kila neno hadi mlangoni. Upande wa pili Dhiru aliacha kugonga. Roho ilimuuma, tena sana. Akafunga kitasa kwa nje, akapanda mapaa.

Wale wawili walifika mlango wa kutokea, wakasukuma. Komeo.

"Atakuja," alisema Hasmukh.

"Nani? Si amekamatwa?"

"Basi tutatokaje, bosi? Nani mwingine wa kutufungulia?"

 Vajubhai alirudi nyuma hadi mlango wa kuingilia, mabega yakikwaruza kuta, akavuta pingo, akasukuma. Mlango haukutikisika. Akarudi tena mbele. Jasho lilimwingia machoni. Mikufu ilikwama kwenye msumari, Hasmukh akamkanyaga, wakatukanana matusi ya mama.

Kisha nje zikasikika nyayo. Zikasimama.

"Shemeji?" Sauti ya Vajubhai ilikuwa ndogo. "Ni wewe? Nisamehe, mdogo wangu. Fungua. Nitakufa humu."

 Akapiga mlango kwa ngumi mbili, akalia kama mtoto.

Makelele yale yalimfikia bibi mmoja aliyekuwa akigawa chikki, kashata za ufuta, darini. Akainama ukingoni.

"We kijana! Ni akina nani humo ndani?"

Dhiru aliondoa mkono kwenye komeo.

"Siwajui, bibi," alisema. "Ita polisi."