Cheti cha Mwaka Jana

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Teretia, anayetunza mtambo wa barua pepe wa hospitali moja pale kisiwani Tarawa. Mwaka jana aliacha cheti cha usalama cha mtambo huo, faili linalouthibitisha kwa kompyuta nyingine, kikaisha muda, akaenda zake karamuni. Kwa siku tatu barua za zahanati za visiwani zikawa zinakataliwa, na Biribo, muuguzi wa zahanati mojawapo, akashindwa kuomba ndege ya kumchukua mama mmoja aliyekuwa akijifungua. Mama akafa. Teretia akasingizia setilaiti, na watu wakamwamini.

Mwaka huu aliwahi. Asubuhi na mapema aliweka cheti kipya, kisha akaanza kufuta vile vilivyokwisha muda.

“We dada, bado tu?” Kaitu, mfanyakazi mwenzake, alimtania kutoka barazani. “Au unangoja karamu?”

“Niache bwana, nimebakiza kimoja.”

Kilikuwa kile cha mwaka jana. Alipokifuta tu, umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Giza likawa totoro, ukabaki mwanga wa mtambo unaotumia betri. Nyuma yake, rafuni, kitu kikalia tik. Kikanyamaza. Tik. Alijua pale kuna nini: kompyuta ya Biribo, iliyorudishwa hospitalini zahanati yake ilipofungwa, waya wake umeviringishwa kwa kamba aliyoifunga yeye mwenyewe.

Barua moja ikaingia kwenye mtambo, yenye tarehe ya siku hiyohiyo, kutoka zahanati ile iliyofungwa.

“Teretia, mama bado anapumua. Ndege iko wapi?”