Mzungu Hali Mlenda

"Sili tena chakula cha nyumba hii, Marietha. Hata maji yenu sinywi."

Mama Hana alikuwa katikati ya uwanja wangu, mtaa mzima umesimama unasikiliza.

"Mama Hana, shikamoo kwanza."

"Shikamoo yako kampe mumeo. Mumeo ni mtu-simba."

Jamani... nilishika ukuta.

Wasomaji wangu, mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu. Simu hii kaninunulia mjukuu, lakini umbea nimeuanza kabla mama zenu hawajazaliwa. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, Singida Mjini, Mwingereza bado yuko bomani. Ndoa yangu ilikuwa mbichi.

Na siku zile kuitwa mtu-simba halikuwa tusi. Kilikuwa kitanzi. Watu walisema wapo wanaoiba watoto, wanawafungia shimoni, wanawavika ngozi za simba na kuwafunza kuua, halafu wanawakodisha kwa mwenye kisasi. Ukitajwa bomani, wakuzike tu.

Sasa Mama Hana, jina lake Rahabu, alikuwa jirani yangu, mjane. Binti yake wa pekee, Hana, alipotea wakati wa mavuno. Kwenye shamba la mtama ikaokotwa kanga yake, imeraruka, ina damu. Tukakaa matanga bila maiti.

"Mume wangu ni mpishi," nikamwambia. "Kila Jumamosi anakwenda mlimani kumpikia Bwana Maji. Nani hajui?"

Bwana Maji ndiye Mzungu wa visima. Alijijengea kibanda cha mawe, paa la nyasi, juu ya vile vilima vya majabali upande wa Mwankoko, ambako ukikaa unaliona ziwa lote na ndege wake. Jumamosi ofisi ikifungwa, anapanda huko kupumzika. Kukaa kimya mpaka Jumapili jioni. Sisi tulikuwa tunacheka. Mtu ana nyumba, ana majirani, halafu anakwenda kukaa na mawe?

"Bwana Maji yuko likizo kwao Ulaya tangu mwezi uliopita," Rahabu akasema. "Mke wa tarishi kaniambia. Mumeo anampikia nani?"

Nikageuka kuitazama njia ya mlimani.

"Na leo kapu lake nimelichungulia. Ugali wa uwele na mlenda. Tangu lini Mzungu akala mlenda?"

Watu wakaguna.

Nyuma yake alisimama Mughwai, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu alitaka kumrithi Rahabu kama mila inavyotaka, Rahabu akakataa. Lakini Hana alipopotea, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuingia porini kumtafuta. Mtaa mzima tulimsifu.

"Shemeji, taratibu," alimwambia Rahabu. "Hatumtaji mtu kabla ya kuona."

Halafu akanigeukia mimi, sauti chini.

"Mlenda?"

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Jumatatu asubuhi niko bomani," Rahabu akamaliza, akaondoka.

Mume wangu Antipasi alikuwa ameshatoka na kapu lake. Nikaona kamba shingoni mwake, wallahi, nikaiona kabisa. Nikasema siwezi kungoja Jumatatu. Naenda huko mlimani nikaone kwa macho yangu.

"Nitakusindikiza, shemeji," Mughwai akasema. "Njia ile si ya mwanamke peke yake. Lakini twende wawili tu. Kelele zitamshtua. Usimwambie mtu."

Nikamshukuru karibu nilie.

Nikapita kwa shoga yangu Luciana kuazima viatu, maana vyangu vilikuwa vimekatika. Kwake walikuwepo wanawake wanatwanga. Nikapita kisimani kunywa maji. Nikapita barazani kwa fundi cherehani kumwachia ufunguo wa nyumba. Kisha nikamkuta Mughwai pembeni ya njia, ana mkuki.

Tukaenda.

Upepo wa Singida mnaujua, ule wa kusukuma mtu. Kadiri tulivyopanda ndivyo ulivyolia kwenye nyufa za majabali, mara kama mtoto, mara kama kitu kinachonguruma. Nyumba zikaisha. Mbuzi wakaisha. Ikabaki miba na mawe yamepandana, na kila jiwe lina kivuli cha kumficha mtu.

"Shemeji, tangulia wewe," nikamwambia. "Mimi naogopa."

"Tangulia tu. Nakulinda nyuma."

Nikatangulia. Hatua chache mbele, nikajiuliza. Mwanamume anayekulinda na simba hukaa mbele yako. Huyu mbona yuko nyuma, na ncha ya mkuki naisikia inagusa mawe karibu na visigino vyangu?

"Umemwambia nani kwamba tunakuja huku?" akauliza.

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri sana."

Alivyolisema lile "vizuri sana"... nilitamani kurudi. Lakini nirudi vipi, na njia kaiziba yeye?

Kibanda kikatokea. Mlango umefungwa, moshi mwembamba unatoka. Nikasogea, nikaweka sikio.

Ndani, sauti ya mume wangu. Laini. Mimi hajawahi kunisemesha hivyo.

"Kula kidogo basi. Kwa ajili yangu."

Na sauti ya kike ikajibu, "Nimeshiba."

Nyie... hofu yote ilikatika, ikaingia hasira. Kumbe simba wenyewe ndio hao! Nikausukuma mlango kwa bega.

Antipasi amechuchumaa, ana bakuli. Mbele yake binti kakonda, macho makubwa, mguu umefungwa kitambaa. Kitambaa nakijua. Ni kanga yangu iliyopotea kwenye kamba.

Nikamtazama yule binti usoni.

Alikuwa Hana. Hana tuliyemlilia.

Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, na bakuli alilokuwa akipokea likamponyoka.

"Marietha," mume wangu akauliza polepole, "umekuja na nani?"

"Mughwai kanisindikiza."

Alinivuta ndani kama gunia, akaufunga mlango, akauwekea mgongo. Papo hapo ncha ya mkuki ikapenya kwenye ubao, karibu na sikio lake.

"Ni baba mdogo," Hana akanong'ona. "Baba mdogo ndiye aliyenipeleka shimoni. Kwa sababu mama alimkataa. Alisema mama akibaki bila mtu, atakubali."

Nje, Mughwai akaongea kwa upole uleule wa matangani.

"Antipasi, ndugu yangu. Fungua tuzungumze."

Antipasi akazidi kuukaza mlango.

"Usipofungua, nyasi za paa zimekauka. Kesho nitawaambia watu nimemkuta mtu-simba na nimemchoma na mateka wake. Na mkewe alikuwa akimsaidia. Watanichinjia mbuzi."

Na wangemchinjia, wasomaji wangu. Mimi mwenyewe ningekwenda kula.

Tukasikia kiberiti.

"Nilimkuta chini ya kitanda cha Bwana nilipokuja kufagia," Antipasi akaniambia haraka, mgongo bado mlangoni. "Alikuwa ametoroka, mguu unaoza. Mama yake anakaa uwanja mmoja na yule. Angejua, furaha ingeonekana usoni, na Mughwai angejua. Nilikuwa nangoja apone, nimpeleke bomani kwa miguu yake, aseme mwenyewe."

"Mbona hukuniambia mimi mkeo?"

Tunakaribia kuungua, lakini mume wangu alipata nafasi ya kunitazama.

"Wewe, Marietha? Wewe?"

Harufu ya nyasi ikaingia. Hana akaziba mdomo asikohoe.

"Kuna mtu anajua uko hapa?" Antipasi akauliza.

"Watu wachache tu."

"Nani?"

"Luciana. Na waliokuwa wanatwanga kwa Luciana. Na kisimani... na fundi cherehani na wateja wake..."

Sijamaliza, tukasikia sauti toka mteremkoni.

"Marietha! Viatu vyangu viko salama? Kama ni fumanizi tusubirini!"

Luciana. Na nyuma yake vicheko, vikohozi, mtu analalamika miba. Mtaa ulikuwa umehama. Walikuja na marungu ya kumpigia mtu-simba, na wengine walikuja kutazama tu.

"Rudini!" Mughwai akapaza sauti. "Yuko ndani, ni hatari!"

Antipasi akafungua mlango.

Hana akatoka akichechemea. Mbele ya umati alisimama Rahabu, ana mchi mkononi.

"Mama," Hana akasema.

Mchi ukaanguka.

Kisha macho yote yakaenda kwa Mughwai. Alikuwa bado ameshika kishungi cha nyasi kinawaka, na ukingo wa paa umeanza kushika moto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alijaribu kukimbia, fundi cherehani akamtia ngwala, wanaume wakamfunga kwa mshipi wake mwenyewe, wengine wakalivuta paa na kuzima moto kwa mchanga.

Wanangu wa mtandaoni, nimeolewa, nimezaa, nimezika, na somo langu ni hilohilo moja. Anayekwambia twende wawili tu, usimwambie mtu... pita kwanza kwa Luciana.

Rahabu alimshika mwanawe uso, akamshika nywele, akaushika ule mguu. Halafu akamtazama mume wangu. Akasogea mpaka kizingitini, akabaki hapo, haingii wala hatoki.

Antipasi akaokota bakuli, akalifuta, akapakua upya.

"Mama Hana," akasema, "mlenda umebaki. Ingia ule na mwanao."