Sauti ya Nne ya Mama Chelimo

Kama hujawahi kufunguliwa mlango wa kabati na wamama saba wa kanisa, ukiwa ndani, umevaa kaptula na vesti, hedifoni kichwani, macho umeyafumba na unaimba sauti ya kwanza, basi usinieleze kitu kuhusu aibu. Walikuwa wamekuja kumwona mke wangu, Namalwa, aliyekuwa ametoka kung'olewa jino. Wakasikia mwanamke akilia chumbani. Mwanamke huyo alikuwa mimi.

"Baba Nasimiyu," Namalwa akaniambia polepole, shavu limefura, "toka kwa nguo zangu."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa jirani yetu Jepleting, tuliyezoea kumwita Mama Chelimo, mwimbaji kiongozi wa kwaya yetu hapa mtaani Free Area. Alicheka mpaka akakalia kitanda changu bila kualikwa. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo natamani asingeuliza.

"Lakini huko ndani unafanya nini, kweli?"

Nikamweleza. Nimepiga gitaa kwenye hoteli za Juba, Kigali na Doha, na nikafutwa kazi katika zote tatu. Nilirudi Nakuru na gitaa moja, kitambi, na kompyuta kuukuu ambayo ukiifungulia programu za kisasa za studio inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, halafu inazima. Ndipo rafiki mmoja akanionyesha programu isiyo na picha wala vitufe vya kubofya. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Unaandika amri: sauti itoke kwa maiki, iende kwa faili ya jina fulani. Unabonyeza enta, unaimba. Ukimaliza unaandika amri nyingine: nichezee ile ya kwanza masikioni huku narekodi ya pili. Kisha ya tatu juu ya hizo mbili. Hivyo mtu mmoja anakuwa kwaya nzima. Na studio yangu ilikuwa kabati, kwa sababu nguo za mwanamke humeza mwangwi kuliko sponji yoyote niliyowahi kuona ughaibuni.

"Mtu mmoja, sauti zote nne?" Hakuwa anacheka tena. "Hata besi?"

"Hata besi, mama."

"Basi nitakuja Jumatatu."

Alikuja na kikombe chake cha bati, cha kijani, kimejaa chai ya maziwa. Akakaa kwenye kigoda ndani ya kabati, magauni ya Namalwa yamemfunika mabega. Kabla ya kila ubeti alipiga funda moja, akaweka kikombe chini, tik, akavuta pumzi ndefu, akaimba. Hiyo tik iliingia kwenye rekodi zote. Nilimwomba kikombe kibaki nje.

"Basi na mimi nibaki nje," akasema.

Kikombe kikakaa.

Siku hiyo tulipata sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mume wake, Mzee Kipruto, aliyeendesha trekta mashamba ya Njoro mpaka akastaafu, alimngojea kibarazani kwangu akijifanya amekuja kuazima spana. Tukakubaliana ile ya nne, besi, aje aiimbe Alhamisi.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa ambalo mwanakwaya tu ndiye anaweza kulifanya. Sisi tumefunzwa tangu shule ya msingi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hatujui majina mengine. Kwa hiyo faili zangu nikaziita hivyo hivyo, sauti1, sauti2, sauti3. Kama ningeziita kwa jina la mwimbaji, nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia. Jumanne ikaja kwaya nyingine, kutoka Gilgil, iliyotaka siku hiyo kurekodi sauti ya kwanza tu. Nikamkalisha kabatini dada yao wa sauti ya kwanza, na vidole vyangu vikaandika vyenyewe: sauti1. Enta.

Programu zenye picha hukuuliza, una hakika unataka kufuta iliyopo? Hii haiulizi. Inakuchukulia kama mtu mzima mwenye akili zake.

Yule dada akaimba dakika nne, juu ya Mama Chelimo. Nilipogundua, kwaya ilikuwa imeshapanda gari. Nilitafuta kila kona ya ile mashine. Sauti2 ilikuwepo. Sauti3 ilikuwepo. Ile ya kwanza, iliyobeba maneno na wimbo wenyewe, ilikuwa imekwenda.

Nikajipa moyo. Alhamisi nitamwambia arudie, tutacheka yaishe.

Alhamisi akaja akijishikilia ukuta. Sikuwa nimeona shingo yake ilivyokonda. Kikombe chake alikiweka chini bila kupiga funda.

"Leo kifua kimekataa," akasema. "Nitarudi. Ile ya kwanza ilitoka vizuri?"

Hapo. Hapo ndipo ningesema. Alikuwa na pumzi ya kutosha ubeti mmoja, labda miwili. Lakini mimi ni mtu wa kuchekesha watu. Habari mbaya hunishinda mdomoni.

"Ilitoka vizuri sana, mama."

Akatabasamu. "Usiimalize bila mimi."

Jumapili akafariki hospitalini.

Wiki sita baadaye Mzee Kipruto alinijia, amevaa koti lake la mazishi.

"Jumamosi tunaweka msalaba kwa kaburi," akasema. "Nataka wimbo wake uchezwe. Mimi sauti yake sina, Nyongesa. Nimetafuta simu yote. Ni nani hurekodi bibi akiuliza chumvi iko wapi? Miaka thelathini na nne ananiuliza hiyo chumvi. Jikoni ni yake, lakini ananiuliza mimi."

"Bado naichanganya, mzee. Iko karibu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda.

Ningempa zile mbili zilizobaki na ukweli juu yake. Sauti ya pili na ya tatu bila ya kwanza ni mboga bila ugali, lakini angalau zilikuwa zake. Badala yake nikaona mimi ni fundi. Si nilishawahi kudhaniwa ni mwanamke anayelia? Nikaamua kumwigiza marehemu.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, jua la kukausha mahindi. Namalwa alikuwa ameenda sokoni. Nikaingia kabatini, nikakalia kigoda kilekile. Nikaandika amri: sauti2 na sauti3 zicheze masikioni, mimi nirekodi sauti1. Enta.

Nikabana koo, nikaimba kama yeye. Nilimwigiza hata pale alipokuwa akivuta neno la mwisho. Ubeti wa kwanza ukapita, na Mungu anisamehe, nilijisifu.

Katikati ya ubeti wa pili, sauti ya pili ikanyamaza.

Faili hainyamazi. Imerekodiwa, itaenda mpaka mwisho wake. Nikadhani ni waya. Nikaendelea kuimba.

Sauti ya tatu ikanyamaza.

Nikabaki peke yangu na koo langu la uongo. Nikaacha.

Kimya.

Tik.

Nikajiambia, ni rekodi. Ni ile tik yake ya Jumatatu. Nikavua hedifoni. Nikaziweka mapajani.

Pumzi. Ndefu. Ile ya kabla ya ubeti.

Haikutoka mapajani. Ilitoka nyuma yangu, ndani ya nguo. Magauni yakanigusa kisogo. Yakarudi.

"Hiyo ni yangu," mtu akanong'ona.

Sijui nilitokaje. Najua mlango wa kabati ulitoka pamoja na mimi. Namalwa alinikuta sakafuni, gauni lake la harusi limenizunguka shingo, na akaanza kucheka kama siku ile ya wamama. Kisha akachungulia ndani ya kabati. Kicheko kikakatika.

"Nani amekunywa chai humu?"

Kwenye ubao wa chini, kando ya kigoda, kulikuwa na duara la unyevu, kadiri ya kitako cha kikombe. Akaligusa kwa kidole.

"Lina joto," akasema.

Amelisugua kwa sabuni, amelisugua kwa jivu. Mpaka leo liko, na asubuhi zingine huamka limelowa.

Nikamwambia yote, nikiwa palepale sakafuni. Hakunihurumia, na sikutaka anihurumie. "Fungua hiyo mashine," akasema.

Nikaandika amri ya kuorodhesha faili. Sauti1, ile niliyokuwa nimetoka kuimba, ilikuwa tupu. Sifuri. Koo langu lote halikuacha hata chembe. Chini yake sauti2. Sauti3.

Chini yake, sauti4.

Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Jina hilo sikuwa nimeliandika, kwa sababu besi ya wimbo huo haikuwahi kuimbwa. Tarehe yake ilikuwa ile Jumapili ya hospitali. Jumapili hiyo kompyuta ilikuwa imezimwa, iko chini ya kitanda.

Namalwa akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho. "Upepo," akasema. "Ni upepo tu." Mimi nilipovaa nilisikia upepo huohuo, na mwishoni kabisa, mara moja, tik.

"Mpelekee mwenyewe," Namalwa akasema. "Na uende na mdomo wako, ukaongee."

Mzee Kipruto alikuwa kibarazani kwake anapukuchua mahindi. Nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja dirisha. Nikasema kila kitu: ile sauti1, ile Alhamisi, ule uongo wa kuchanganya, na kule kuigiza. Nilipofika kwenye kuigiza nilitamani ardhi inimeze. Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye beseni, punje kwa punje.

"Leta," akasema mwishowe.

Akavaa hedifoni juu ya kofia yake. Nikabonyeza enta. Nikatazama sekunde zikihesabika kwenye skrini nyeusi.

Dakika moja. Uso wake haukubadilika.

Dakika mbili. Mkono wake ukaacha gunzi.

Dakika ya tatu akageuza kichwa kuelekea jikoni. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka kuulizwa jambo moja:

"Nyuma ya majani chai. Palepale."

Boma lote halikuwa na mtu mwingine. Mtoto wao Chelimo alikuwa mjini, kuku walikuwa kivulini. Lakini jikoni nikasikia mkebe ukisogezwa.

Mzee akavua hedifoni. Akakunja waya polepole, vizuri, kama mtu anayekunja leso ya mwenzake. Akaichukua kompyuta yangu, akaiweka upande wake wa benchi. Sikuidai. Nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa limenikaa kooni wiki sita.

"Mzee," nikasema. "Na mimi? Amesema nini kuhusu mimi?"

Akaokota gunzi lake.

"Hajakutaja. Nenda nyumbani."