Mbwa Aliyeinua Mguu Tangu Saa Kumi

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kericho, pamoja na wale wa Kimulot wasio na stima, kwamba Novemba 1999 mapenzi yalipita ndani ya waya wa simu yakafika Ulaya. Yalifika, ila kwanza yalikwama kwa mbwa.

Nelvine na Gichuki walikutana kwenye foleni ya posta, Gichuki alipokanyaga kiatu kipya cheupe cha Nelvine akakipangusa kwa tai yake mwenyewe. Baadaye kijana akaenda kusoma ng'ambo. Sasa wazee wa Siongiroi walikuwa wanakuja kesho kwa koito, kumposa Nelvine kwa ajili ya mwana wao, na baba alitaka jibu jioni hiyo.

Gichuki alikuwa amepiga simu Alhamisi.

"Nel, kuna kamera juu ya uwanja wa hapa. Mtu yeyote duniani anaweza kuangalia. Enda saiba, kwenye zile kompyuta za intaneti, utafute jina la mji na neno kamera. Jumamosi saa kumi ya kwenu nitasimama kando ya sanamu ya farasi."

"Nitakujuaje kati ya wazungu wote hao?"

"Mweusi nitakuwa peke yangu, mpenzi." Kisha akaacha mzaha. "Nikivaa skafu uliyonifumia, nakuja Krismasi kukuomba kwa baba. Usiponiona, wapokee hao wazee."

Nelvine alivaa gauni la bluu, kana kwamba kamera ingemwona yeye. Kebaso, mwenye saiba, akaandika maneno, orodha ikaja, akabonyeza. Picha ikashuka mstari kwa mstari: paa, farasi wa shaba, mbwa aliyeinua mguu kwenye nguzo. Usiguse kitu, Kebaso akamwonya, picha hujibadilisha kila dakika. Nyuma yao aliketi Janeffer, mdogo wake Nelvine, msichana mtulivu aliyelelewa na masista wa bweni, akisoma Biblia.

Saa kumi na robo. Farasi, nguzo, mbwa. Saa kumi na nusu, chozi likaanguka kwenye kibodi. Nelvine akasimama, akavuta mkoba.

"Nitamwambia baba waje."

Kebaso aliinua macho. "Ngoja, dada. Huyo mbwa anakojoa tangu saa kumi?"

Akaufuata waya wa simu kwa kidole: chini ya meza, kando ya kiti, hadi ndani ya mfuko wa sweta ya shule. Akauchomeka upya, mtambo ukakoroma ukiitafuta Nairobi, picha ikaanza kushuka. Paa. Farasi. Kisha mwanamume mwenye theluji mabegani, skafu ya kijani shingoni, mikono yote miwili juu.

Nelvine aligusa kioo. "Bado amesimama," akanong'ona. "Mjinga wangu, nusu saa kwa baridi hiyo."

Halafu akageuka polepole kuitazama ile sweta.

Sweta ni yangu. Janeffer ni mimi, na Biblia nilikuwa nimeishika juu chini. Nilichomoa waya nikitaka dakika moja tu ya kucheka. Alipoanza kulia, mkono ukaogopa kutoka mfukoni.