Aliyetangaza Kifo cha Blasio

Ile sauti haikuvuta pumzi. Hilo ndilo Medius alilolitambua kwanza, kabla hata ya kuelewa kwamba ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Ilikuwa saa saba mchana, siku ya kumchagua diwani. Alikuwa nyumbani, mlimani juu ya mji wa Bwera, akimpa baba yake uji kabla ya kushuka kupiga kura. Kule chini, kwenye nguzo ya sokoni, zile spika mbili alizozitumia kwa miaka kumi na minane kutangaza misiba, chanjo na mbuzi waliopotea zilisema: "Watu wa mlimani, Muzee Blasio ametutoka. Baba yangu ametutoka. Njooni."

Mzee Blasio akaacha kikombe hewani.

"Medius, ni wewe unasema?"

"Baba, mimi niko hapa na wewe."

Mlimani, mtu akisikia msiba hakai dukani wala shambani, sembuse kwenye mstari wa kura. Na binti akimtangaza baba yake mzazi, nani atauliza mara mbili? Haikupita saa nzima ua ukajaa watu na mizigo ya kuni na maharage. Wanawake waliokuja wakilia tangu njiani walinyamaza walipomkuta marehemu ameketi, uji kwenye ndevu. Jirani yao Kathembo akajaribu mzaha, kwamba mzee amemshinda Bwana Yesu, yeye hakungoja hata siku tatu. Wachache wakacheka. Tabisa, mama yake Medius, hakucheka. Alishika mkono wa mumewe, akaupapasa kama anayetafuta kitu.

Watu waliporudi chini kupiga kura, saa kumi ilikuwa imepita na masanduku yamefungwa. Mgombea wao, aliyeahidi kupigania daraja la mlimani, alishindwa kwa kura arobaini na moja.

Siku ya tatu akaja Ronnie, kijana aliyefanya kazi kwenye kampeni ya upande wa pili. Ndiye aliyemrekodi Medius mwezi uliotangulia, akisoma majina ya koo na vilima, ili mashine ijifunze sauti yake na kuhimiza watu wapige kura kupitia spika zilezile za sokoni. Medius alikubali kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuja na mashine kwa ajili ya sauti yake. Sasa kijana alikaa mbele ya chai bila kuigusa, akaeleza kwa kunong'ona kwamba wakubwa zake walitaka mashine iwaambie watu wa mlimani kituo cha kura kimehamishwa.

"Anti, habari ya kifo sikuandika mimi," alisema. "Niliiambia tu itoe batu mu laini ya kura. Haikuniuliza namna gani."

"Basi izime."

"Niliizima siku ileile. Nilifuta yote." Akatazama mlango. "Lakini jana niliisikia."

Medius hakumfukuza. Alijua kwamba wameogopa kitu kimoja. Kwa sababu yeye pia alikuwa ameisikia. Jioni iliyopita alipofungua kile chumba kidogo chini ya nguzo, umeme ukiwa umekatika mji mzima, alikutana na harufu ya waya ulioungua iliyochanganyika na harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na juu yake, ndani ya spika zisizo na umeme, mwanamke mwenye sauti yake alikuwa akirudia majina ya watu wa mlimani, polepole, nyumba kwa nyumba, wazee kwa watoto, akikosea moja, akirudi, akilisema tena mpaka likakaa sawa, na kati ya jina na jina sasa alikuwa akijifunza kuvuta pumzi.

Wakamwita Yowasi, mzee wa maombi anayejua pia majani ya mlimani. Alikata waya, akazishusha spika, akazinyunyizia maji ya majani, akasali mpaka shati likalowa. Spika zilitoa mlio mwembamba, kisha kimya. Watu wakashukuru. Yowasi alimvuta Medius kando.

"Ile iliyokuwa mu chuma imetoka," alimwambia. "Ile iliyo mu masikio ya batu, mwanangu, sina dawa yake."

Baada ya wiki tano, asubuhi ya Jumanne, Blasio alikufa kweli, usingizini. Medius alitembea kwa miguu, mlango kwa mlango, kuomba watu wa kuchimba kaburi. Walimpokea kwa adabu. Pole, Medius, tumesikia. Kisha walirudi kumenya mihogo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekwisha kulia mara moja. Kathembo peke yake alichukua jembe, na hata yeye aliuliza kwanza kama anaweza kumwona mzee.

Alasiri, jua likiwa bado kali, Medius aliketi na mama yake kando ya mwili uliofunikwa. Ndipo kutoka sokoni, kutoka kwenye nguzo isiyo na waya wala spika, ilipokuja sauti, nzito kwa machozi, ikivuta pumzi vizuri kabisa:

"Watu wa mlimani, musitoke. Muzee Blasio iko muzima. Mimi mutoto wake niko naye hapa, nimemushika mukono."

Nje, jembe la Kathembo likanyamaza.

Tabisa aliinua kichwa. Uso wake, uliokuwa umekauka tangu alfajiri, ukalegea, ukawa uso wa mke aliyeletewa habari njema.

"Mama, usisikilize," Medius alisema. "Mama, ni mimi niko hapa."

Mama yake alimtazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Nyamaza," alisema. "Acha nimusikie mutoto wangu."

Akafunua shuka, akapitisha mikono chini ya mabega ya mumewe, akaanza kumketisha.